Anataka Kusomea Vito, Harusi ni Desemba

Mwezi huu nina kasheshe la wachumba wawili wa hapahapa Mbagala, maeneo ya Charambe. Bibie ni mhasibu mjini, shemeji yuko kampuni ya bima. Pesa za harusi wameshaanza kudunduliza. Ghafla bibie katangaza kwamba anaacha kazi akasomee vito Arusha. Shemeji akaja juu: "Yaani uache mshahara ukaangalie mawe?" Wakaniomba nitoe neno.

Kwanza tuelewane. Mjemolojia si mchimbaji wala si sonara. Ni mtu anayelichunguza jiwe na kukuambia ni kito gani hasa, ni cha asili au kimetengenezwa maabara, na ubora wake ukoje. Chukua tanzanite yetu, iliyogunduliwa Mirerani mwaka 1967 na kupewa jina hilo na Tiffany & Co. mwaka uliofuata. Nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia, zikapashwa moto wa nyuzi 500 hivi ndipo zinakuwa bluu. Hilo halina ubaya, soko zima linajua. Ubaya ni kile kioo cha bluu anachouziwa bwana harusi mwenye haraka. Kwa macho matupu unaingia mkenge, ila kuna kifaa cha kutia mfukoni, dikroskopu. Ukiigeuza tanzanite mbele yake, unaona rangi mbili tofauti, ubavu kwa ubavu. Kioo kinakupa moja tu. Tena ugumu wake ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambapo almasi ni 10, kwa hiyo pete ya tanzanite haisugui masufuria, jamani.

Hapo kwenye pete ndipo shemeji alipoanza kunisikiliza.

Sasa shule. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC), cha serikali, kilichoanzishwa mwaka 2003. Kimejijengea jina zaidi kwa kufundisha kukata na kung'arisha vito, na wapo wanawake waliosomeshwa pale kwa mfuko uliotokana na maonyesho ya vito ya Arusha. Lakini kukata jiwe na kulitambua ni fani mbili. Uliza kozi unayojiandikisha ni ipi kabla hujalipa hata senti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jiolojia, ila huko unasoma miamba kwa mapana yake na wanataka masomo ya sayansi. Kwa mhasibu, mlango huo ni mwembamba.

Vyeti vinavyotambulika dunia nzima viko nje. Gem-A ya London inatoa mitihani tangu 1913, na nadharia unaweza kuisoma kwa intaneti ukiwa Charambe. GIA ya Marekani, iliyoanzishwa 1931, ina mtihani wa kutambua mawe 20, na lazima upate yote 20. Hakuna cha "nimepata 19, nipeni B." Haohao GIA mwaka 2017 walipeleka mwongozo wa kuchagua mawe ghafi kwa wachimbaji wadogo wanawake wa mkoa wa Tanga, kwa hiyo msidhani elimu hii ni ya wazungu na maabara zao tu.

Nilichomwambia bibie ni hiki: usiache kazi kwanza. Nunua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, anza nadharia usiku, kisha omba likizo ukafanye kozi fupi. Ada za nje ni za dola, na vipindi vya maabara vina nauli yake. Halafu cheti si leseni. Ukitaka kununua na kuuza mawe, lazima uwe na leseni ya Tume ya Madini, ya udalali au ya biashara kubwa.

Ila kinachowagombanisha hawa si ada. Mawe hayako Mbagala. Ukitoa masonara wa mjini, soko lenyewe liko Arusha na Mirerani, na mshahara wa mwisho wa mwezi si wa uhakika kama ule wa uhasibu. Kwa hiyo swali ni wataishi wapi wakishaoana, na nani atamfuata nani. Hilo walikuwa hawajaulizana kabisa.

Mpaka naandika haya, Desemba bado ipo palepale. Lenzi imeshanunuliwa, kaitoa shemeji mwenyewe, naye sasa anaulizia kodi ya chumba na sebule pale Arusha.