Chakula Rahisi na Chakula Kitamu

Wazee wa pwani wana methali isemayo, "Rahisi inavunja upishi." Maana yake ni kwamba mpishi anunuaye vitu kwa kutazama bei tu, chakula chake huharibika. Methali hii ni kweli, lakini si kusema kwamba kila chakula kitamu ni cha ghali. Katika mji wa Unguja viko vyakula vingi vya bei ndogo ambavyo hata wenye mali hutoka majumbani mwao kuvifuata njiani. Hadithi hii yaeleza jinsi kijana mmoja alivyotembea na baba yake kuvionja, na jinsi alivyotambua ni wakati gani methali ile ni kweli, na wakati gani siyo.

1. Mlafi au mjuzi?

Kijana huyu alikuwa mwana wa mvuvi wa Makunduchi, kusini ya kisiwa cha Unguja, na umri wake ulikuwa miaka kumi na miwili. Tangu utoto alipenda mambo ya chakula kuliko mchezo. Mama yake akipika, yeye hukaa karibu na meko na kuuliza, "Hiki ni nini, Mama? Kwa nini umekitia sasa, hukukitia mwanzo?" Wenzake wakamcheka wakamwita mlafi. Baadhi ya watu wazima nao wakasema kwamba jikoni si mahali pa mtoto wa kiume. Maneno hayo yakamwuma sana. Akaanza kukaa mbali na meko, na mama yake akimwita aonje chumvi, husema kwamba hajui.

Baba yake akaliona jambo lile, asiseme neno. Siku moja alipokuwa na safari ya mjini kununua mishipi na ndoana, akamwambia, "Mwanangu, kesho tutakwenda pamoja. Mbali na nauli na fedha za mishipi, ninazo shilingi 10,000. Tutakula mahali panne. Lakini kila mahali utauliza swali moja, na jibu lake utalishika moyoni. Tukirudi tutajua kama wewe u mlafi au u mjuzi. Mlafi hutazama tumbo lake, lakini mjuzi hutazama mkono wa mpishi."

Kijana akajibu, "Vyema, Baba." Usiku ule usingizi ulimpata kwa shida.

2. Urojo wa Bibi

Walipofika mjini walikwenda kwanza Darajani, kwenye soko kubwa lililojengwa mwaka 1904. Mahali pale paliitwa Darajani kwa sababu zamani palikuwa na daraja. Mkono wa bahari uliingia pale, ukagawa Mji Mkongwe upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili. Mkono ule wa bahari ukafukiwa, na sasa ni barabara. Lakini jina la daraja limebaki.

Walipokwisha kununua mishipi, wakaingia katika vichochoro vya Mji Mkongwe, wenye nyumba ndefu za mawe na milango ya nakshi. Katika kichochoro kimoja wakamwona bibi mzee ameketi mlangoni pake, mbele yake sufuria kubwa inatoka moshi. Benchi lilijaa watu: wachukuzi, wanafunzi, na karani mmoja aliyevaa shati jeupe. Baba akasema, "Penye watu wengi namna hii, chakula hakilali. Tuketi."

"Shikamoo, Bibi," akasema kijana.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibuni urojo."

Neno urojo maana yake ni kitu kizito kidogo, mfano wa uji. Mpishi hukoroga unga katika maji, akatia manjano ili upate rangi, na chumvi, na embe mbichi au ndimu ili upate ukali. Huuchemsha mpaka uanze kuwa mzito. Kisha, mtu akija kununua, humtilia katika bakuli vipande vya viazi, bajia, kachori, nyama kidogo, chatini ya nazi na pilipili, na juu yake hunyunyiza muhogo uliokatwa mwembamba na kukaangwa. Mwenye kutaka yai huongezewa.

Bakuli moja la urojo lina safari ndefu ndani yake. Bajia na kachori ni mapishi ya Wahindi. Manjano asili yake ni Asia. Muhogo, viazi na pilipili asili yake ni bara la Amerika. Muhogo na pilipili vililetwa pwani yetu na Wareno. Nazi huvunwa hapa hapa. Watu wa Unguja walivikusanya vyote, wakavifanya chakula chao wenyewe.

Baba na mwana wakala bakuli moja kwa vijiko viwili. Ukali wa embe ulimshika kijana ulimini, ukafuatwa na utamu wa nazi, na mwisho muhogo ukalia baina ya meno. Akauliza swali lake: "Bibi, kitamu namna hii, kwa nini bei yake ni ndogo?"

Bibi akacheka. "Tazama bakuli lako. Ulipata vipande vingapi vya nyama?"

"Viwili, Bibi."

"Na viazi?"

"Vingi, sikuvihesabu."

"Basi, ndiyo siri. Kitu cha ghali natia kidogo, kilete ladha. Kitu cha rahisi natia kingi, kilete shibe. Tena sina kodi ya duka, maana hapa ni kwangu. Lakini embe mbovu sinunui hata nikipewa kwa nusu ya bei." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na neno moja zaidi. Naamka saa kumi ya usiku kumenya na kusaga. Bei ndogo uionayo, nusu yake nimeilipa kwa usingizi wangu."

Kijana akalitazama bakuli lake, akalikomba mpaka likawa jeupe.

3. Mishkaki miwili

Jioni ilipokaribia wakafika mahali palipokuwa na wauza mishkaki wawili. Wa kwanza alikuwa na watu wengi wakingoja. Wa pili hakuwa na mtu, na bei yake ilikuwa ndogo zaidi. Kijana akamwendea huyo wa pili kwa haraka, lakini baba yake akamshika bega. "Ngoja. Tumia macho kwanza, kisha mkono."

Kijana akatazama. Kwa yule wa pili, nyama iliyokwisha kuchomwa ilikuwa imewekwa wazi, imepoa, na nzi wametua juu yake. Maji ya kuoshea vyombo yalikuwa ndoo moja tu, nayo yamekuwa meusi. Kwa yule wa kwanza, nyama mbichi ilikuwa katika chombo kilichofunikwa, na kila mshikaki uliondolewa juu ya makaa mbele ya mnunuzi. Tena alikuwa na maji safi yenye bomba la kunawia mikono.

Baba akasema, "Mwaka 2016 kipindupindu kilipokuwa kimeenea hapa Unguja, serikali ilikataza kwa muda watu kuuza chakula njiani. Wengi walipata hasara, hata wale waliokuwa safi. Ugonjwa ule huingia mwilini kwa maji na chakula kilichoguswa na uchafu. Kwa hiyo kumbuka: chakula kiwe cha moto, kimefunikwa, na mikono iwe imenawiwa. Hapa methali ni kweli. Rahisi hii ingevunja upishi, na tumbo pia."

Wakangoja zamu yao kwa yule wa kwanza. Nyama ilikuwa laini ajabu. Kijana akauliza, "Kaka, nyama yako unailainishaje?"

Mchomaji akajibu, "Nailoweka katika tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, na papai bichi kidogo lililopondwa. Utomvu wa papai bichi hulainisha nyama. Lakini ukizidisha, nyama hugeuka kama uji. Hapana budi kujua kipimo."

4. Pweza wa Forodhani

Jua lilipokuchwa wakaenda Forodhani. Jina hili latokana na forodha, yaani mahali pa kutozea ushuru wa mizigo itokayo baharini. Sasa ni bustani iliyo mbele ya bahari. Ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009. Karibu nayo ni Ngome Kongwe, na Beit el Ajaib iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake ilianguka mwezi wa Desemba mwaka 2020. Kila jioni wapishi hupanga meza zao bustanini, wakawasha taa, na harufu ya makaa na maji ya miwa huenea kila upande.

Wageni kutoka nchi nyingi hufika pale, kwa hiyo bei si kama ile ya vichochoroni. Baba akamwonya mwanawe, "Hapa uliza bei kabla hujala. Aulizaye akisha kula amekwisha kununua."

Mezani kijana akaona pweza. Akauliza swali lake la tatu: "Mzee, pweza huyu ametoka wapi?"

"Kusini," akajibu muuzaji. "Makunduchi na pande zile."

Moyo wa kijana ukashtuka. Akamkumbuka mama yake, jinsi aendavyo miambani maji yakipwa, na chuma mkononi, akichokoa pweza huku maji yakimfika magotini. Kule pwani pweza huuzwa kwa fedha kidogo. Hapa kipande kimoja kilikuwa ghali. Muuzaji alipoona uso wake akamweleza: yuko mnunuzi wa kwanza pwani, iko barafu na gari, uko mkaa na ushuru, na pweza asiyeuzwa leo ni hasara ya kesho. Kila mkono apitapo huongeza bei yake.

Fedha zao zilitosha kikombe kimoja cha supu. Kijana akaonja, akatafuna polepole. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni tamu, Mzee. Lakini nyama ni ngumu kidogo."

Baba yake akataka kumkanya, lakini muuzaji akasema, "Mwache. Kwenu mwampikaje?"

"Mama humpiga kwanza juu ya mwamba mpaka alegee. Kisha humweka chunguni bila maji, kwa moto mdogo, maana pweza hutoa maji yake mwenyewe. Chumvi hutiwa mwisho."

Muuzaji akamtazama kwa kitambo. Kisha akamgeukia baba na kusema, "Ndugu yangu, mtoto huyu hali kwa kinywa tu." Akamwongeza kijana kipande kimoja, asitake fedha.

Usiku ule walilala Ng'ambo kwa ami yake. Baba hakusema neno juu ya jambo lile, lakini njia nzima alikuwa ameweka mkono wake juu ya bega la mwanawe.

5. Mkate wa kumimina

Asubuhi, kabla ya kupanda gari, walikula mahali pa nne. Mama mmoja aliuza mkate wa kumimina pamoja na kahawa. Kijana akauliza namna ya kuupika, na yule mama akamweleza yote. Mchele hurowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa mpaka uumuke. Kisha humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta, juu ya moto mdogo. Na chini ukiisha kuiva, sufuria hupinduliwa kuelekea makaa ili juu nako kugeuke rangi.

Zilibaki shilingi 1,500. Baba akampa mwanawe akasema, "Nunua iliki na hamira."

Waliporudi Makunduchi kijana akaketi mekoni mchana, mbele ya watu wote. Mkate wa kwanza haukuumuka. Ulikuwa bapa kama kigae. Wenzake wakacheka. Mama yake akamwuliza, "Tui lilikuwa la moto?" Akajibu, "Ndiyo, Mama." Mama akasema, "Hamira ni kitu chenye uhai. Ukiitia katika kitu cha moto sana, hufa." Baba akauchukua mkate ule bapa, akaula wote, kisha akasema, "Roweka mchele mwingine."

Siku ya pili tui lilikuwa vuguvugu. Mkate ukainuka, ukawa na vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Wale waliomcheka wakaja kunyosha mikono, na kijana akawagawia wote sawasawa.

Basi rahisi huvunja upishi inapotoka katika uchafu na uvivu. Lakini inapotoka katika akili, kipimo na kazi ya mikono, haivunji kitu. Na anayekula chakula kizuri kwa bei ndogo akumbuke kwamba yuko mtu aliyeamka saa kumi ya usiku.

Maswali

1. Kwa nini urojo wa Bibi ulikuwa rahisi? Taja sababu tatu.
2. Eleza alama za chakula kisichofaa kununuliwa njiani.
3. Kwa nini pweza alikuwa ghali Forodhani kuliko Makunduchi?
4. Mkate wa kwanza ulikosa kuumuka kwa sababu gani?
5. Mwulize mpishi mmoja wa kwenu swali moja juu ya kazi yake, kisha uandike jibu lake.