Kompyuta ya Kazini Inapoachwa na Mtengenezaji

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia Windows 10. Kesho yake kompyuta ziliwaka kama kawaida, na wengi wetu hatukuona mabadiliko yoyote. Hapo ndipo penye hatari.

Windows ni mfumo endeshi, yaani programu inayoiendesha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote, hata ile ya mishahara yetu. Imeandikwa na binadamu, kwa hiyo ina matundu. Mtengenezaji hutoa viraka kila mwezi ili kuyaziba. Huduma ikikoma, viraka navyo hukoma, lakini wezi wanaotafuta matundu hawakomi.

Waajiri wengine hununua kompyuta mpya, maana nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazitimizi masharti ya Windows 11. Wengine hulipia muda wa nyongeza. Bei iliyotangazwa kwa makampuni ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Piga hesabu: 61, 122, 244. Jumla dola 427 kwa kompyuta moja ile ile kuukuu!

Kiwandani mambo ni magumu zaidi. Mashine ya kukata chuma huweza kufanya kazi miaka 20 au zaidi, na kompyuta yake ilikuja nayo. Ukibadilisha mfumo, huenda mashine ikakataa amri. Kwa hiyo tusimlaumu upesi fundi anayetunza mfumo wa zamani. Fundi mwangalifu huitenga mashine hiyo: haiunganishi na intaneti wala na kompyuta za ofisini, hamruhusu mtu kuchomeka kifaa chake, na nakala ya programu huifungia kabatini.

Wako pia waajiri wasiofanya lolote. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kufunga mafaili ya kompyuta na kudai pesa ili yafunguliwe. Kiraka kilikuwa kimetolewa tangu Machi, ila wengi hawakukiweka. Wengi wenye Windows XP, iliyoachwa mwaka 2014, walikuwa hawajapewa mpaka Microsoft ilipotoa cha dharura baada ya maafa kuanza. Renault ilisimamisha kazi katika baadhi ya viwanda vyake. Nissan ya Sunderland, Uingereza, nayo ilikwama, na mwezi wa Juni kiwanda cha Honda cha Sayama, Japani, kilisimama siku nzima.

Mashine ikisimama hivyo, siku ile inalipwa na nani? Na huko mashambani, ikiwa kilo za majani ya chai zimo ndani ya kompyuta tu, mchumaji atazithibitishaje siku kompyuta inapofungwa na virusi?

Twawaomba wawakilishi wa matawi waulize mambo matatu katika kikao na mwajiri: ni kompyuta zipi zimeachwa na mtengenezaji, nakala za mishahara na kilo zinawekwa wapi, na saa za kusimama kwa mashine zinalipwaje. Mchumaji naye asiondoke mizanini bila karatasi ya kilo zake. Mwajiri akisema kompyuta si jambo la wafanyakazi, jibu hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, pamoja na tarehe.