Chama Kinaenda Mombasa: Panga Siku za Ufukweni Wenyewe, Pesa Zitoshe

Kila Oktoba, bonasi ya majani chai ikishaingia kwa wakulima wa Rukuriri, Mungania, Kionyo na Githongo, maswali tunayopokea kutoka Embu na Meru hubadilika. Mbolea na karo hukaa kando kidogo. Sasa ni Mombasa. Vyama ambavyo vimekuwa vikichanga tangu Januari vinataka kuona bahari Desemba, na mweka hazina, ambaye kwa kawaida ndiye mtu asiyelala vizuri kwenye hiki kikundi, anataka kujua kama zile pesa zitafika hadi siku ya kurudi.

Tukikaa na hivi vyama tunaona jambo moja: nauli imepigiwa hesabu, chumba kimepigiwa hesabu, lakini siku zenyewe za kule chini zimeachiwa Mungu. Mnafika, asubuhi mnashuka mapokezi, mnakuta ubao wa ziara zenye bei kwa kila kichwa. Mkiwa kumi na wawili, bei ambayo ilionekana ndogo inazidishwa mara kumi na mbili. Siku ya pili mfuko umetoboka, na mtu anaanza kumtazama mweka hazina vibaya.

Watu wa meli kubwa za kitalii wanalijua hili tatizo vizuri sana. Meli inayozunguka visiwa vya Hawaii hutia nanga leo kisiwa hiki, kesho kile, na ndani ya meli kuna dawati linalouza ziara za nchi kavu. Abiria wajanja hawanunui. Wanashuka, wanapanda basi la kawaida, wanaenda soko la Hilo au ufuo wa umma, wanarudi jioni. Meli kama hizo huja hata kwetu Kilindini, na utawaona abiria wake wakitembea Mji wa Kale na ramani mkononi. Kuna sharti moja tu ambalo wote wanaliheshimu: ukienda kwa ziara ya meli na mkachelewa, meli itawangoja. Ukienda kivyako ukachelewa, utaiona ikiondoka. Meli yetu sisi ni SGR, nayo haimngoji mtu.

Basi tuanze na treni, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Tangu Januari 2024 tiketi ya kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni Sh1,500. Kumi na wawili kwenda na kurudi ni Sh36,000. Treni huondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Mtu wa Nkubu au Maua asijidanganye na ile ya saa mbili asubuhi, labda mlale Nairobi, na kulala Nairobi ni gharama nyingine. Ile ya saa tisa ndiyo yenu. Tokeni Meru alfajiri, piteni Chuka na Embu mkiokota wenzenu wa Runyenjes, na saa sita au saa saba muwe Nairobi. Kituo kiko Syokimau, si katikati ya jiji, na kuna ukaguzi wa mizigo hadi mbwa wa kunusa, kwa hivyo kufika saa nzima kabla ya safari si kujionyesha. Kurudi, sisi tungechagua ya asubuhi. Mnafika Syokimau mchana, na giza halijaingia sana mtu wa Embu akiwa kwake.

Tiketi hununuliwa kwa *639# au kwenye tovuti ya shirika la reli, na unalipa kwa simu. Desemba nafasi huisha haraka, kwa hivyo msingoje mchango wa mwanachama wa mwisho. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Kama kwenye chama anaitwa Mama Kendi lakini kitambulisho kinasema vingine, andika vingine.

Sasa bahari. Wengi wetu wa milimani tunadhani bahari ni kama dimbwi kubwa, iko pale pale siku nzima. Haiko pale pale. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku ratiba husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu kunakuwa na bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Siku za bamvua pale Mombasa maji hupwa asubuhi, mnamo saa nne au saa tano, na kujaa tena alasiri.

Kwa nini tunawaambia haya kwenye ukurasa wa pesa? Kwa sababu hii ndiyo elimu ya bure inayookoa pesa nyingi kuliko kitu kingine chochote kwa hiyo safari. Maji yakipwa, unatembea kwa miguu kwenye vidimbwi vya mwamba, unaona nyota za bahari na kaa bila kumlipa mtu. Yakijaa hadi ukutani, hakuna mchanga wa kukalia, na ndipo mnashawishika kukodi chochote kinachoelea. Kabla ya kuchagua tarehe, tazameni jedwali la maji mtandaoni, au mkifika muulizeni mvuvi. Atawaambia vizuri kuliko programu yoyote. Ila msitembee mbali kwenye mwamba maji yakianza kurudi, na asiyejua kuogelea abaki penye mchanga. Viatu vya plastiki ni muhimu, kwa sababu kuna miiba ya urumbu na haina huruma na wageni.

Siku ya kwanza yenyewe inaweza kuwa ya kisiwani tu, na ikawa karibu bure. Mji wa Kale mnatembea. Fort Jesus, ambayo Wareno waliijenga kuanzia 1593 na ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011, ina kiingilio, na mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Beba kitambulisho. Kutoka hapo shukeni Marikiti mnunue viungo, halafu Biashara Street kwa leso. Hapa tuna maoni yetu: leso inunuliwe siku hii, na mtu mmoja awanunulie wote, sio kila mtu ajaribu bahati yake kwa muuzaji wa ufuoni. Jioni nendeni Mama Ngina mkae mtazame meli zikiingia Kilindini. Kukaa ni bure. Mihogo ya kukaanga na madafu si bure, lakini hapo hakuna chama kitafilisika.

Siku ya pili, vukeni Likoni. Feri kwa mtu wa miguu hailipishwi hata shilingi. Ng'ambo kuna matatu za Ukunda, na kutoka Ukunda tuktuk hadi Diani. Kwa hivyo ile ziara ya Diani mliyoiona ubaoni, mkiivunja vipande, ni feri ya bure, nauli ya matatu na nauli ya tuktuk. Mkifika, nendeni upande wa kaskazini hadi pale mto Kongo unapokutana na bahari, karibu na msikiti wa kale. Mawimbi pale maji yakipwa ni mapole, na watoto hucheza mtoni huku wakubwa wakipiga picha. Tafadhali msiwape mbega na tumbili ndizi zenu.

Kama mnabaki upande wa kaskazini wa Mombasa, kuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule watu huuita Pirates. Hapo ndipo vyama vingi huishia, na hapo ndipo pesa ndogo ndogo huisha. Boya, ngamia, picha, boti. Hakuna ubaya wowote kwa hizo kazi, vijana wanatafuta riziki. Shida ni bei kutajwa baada ya huduma. Uliza bei ukiwa bado umesimama mchangani. Uliza kama ni ya mtu mmoja au ya kikundi. Uliza ni ya dakika ngapi. Na mtu mmoja tu ndiye azungumze bei, maana wamama kumi na wawili wakiuliza kila mmoja kivyake, kila mmoja atapewa bei yake.

Ziara moja ambayo tunaona inastahili kulipiwa ni Kisite-Mpunguti, ile hifadhi ya baharini karibu na kisiwa cha Wasini. Iko mbali, huko Shimoni karibu na mpaka wa Tanzania, na ni siku nzima. Lakini Desemba upepo ni wa kaskazi, maji huwa safi, na kwa mtu ambaye amezaliwa Kirinyaga ikimtazama dirishani, kuona samaki wa rangi zote chini ya boti ni kitu atakachosimulia hadi wajukuu. Hapa hesabu ina mtego mmoja. Bei ya mwenye boti mara nyingi haina kiingilio cha hifadhi ndani yake. Muulize waziwazi: hii ni pamoja na KWS au bila? Kiingilio cha KWS hulipwa kupitia eCitizen, si pesa taslimu langoni, na mwananchi ana bei yake. Lipeni wenyewe kwa simu yenu, ili risiti iwe ya jina lenu na namba ya watu iwe sahihi. Malipo ya serikali kwa sasa hupitia Paybill 222222. Mtu akikwambia utume kiingilio kwa namba yake binafsi halafu yeye ndiye atalipa, mwambie asante, mtalipa wenyewe.

Na Wasini penyewe kina mama wa kisiwa wana njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na bustani ya matumbawe iliyo nchi kavu. Mkilipa hapo, pesa inaenda kwa chama kingine kama chenu. Sisi tunapenda hiyo.

Turudi kwa pesa zenyewe. Kosa tunaloliona sana ni akiba yote ya chama kukaa kwenye laini ya mtu mmoja, ikichanganyika na pesa yake ya unga. Sio kwamba mweka hazina ni mwizi. Ni kwamba simu ikianguka majini pale Nyali, safari ya watu kumi na wawili imeanguka nayo. Fungueni akaunti ya kikundi ambayo angalau watu wawili wanaidhinisha kutoa pesa, halafu kila asubuhi mhamishe bajeti ya siku hiyo peke yake kwa simu ya atakayelipa. Kikiisha kimeisha. Na simu ikizama kweli, msilie kama mko matangani. Pesa haiko ndani ya simu, iko kwenye akaunti. Pigia mtandao wako laini ifungwe, kisha ukapate laini mpya kwa kitambulisho.

Kwenye matumizi, kulipa kwa nambari ya Till kwa kawaida hakukukati ada, ila kutuma kwa namba ya mtu hukata. Mara moja ni kidogo. Mara arobaini kwa siku nne ni chakula cha jioni cha mtu. Kwenye skrini ya kuthibitisha jina hutokea: lisome kabla ya kuweka PIN. Kama hoteli inaitwa jina moja na Till inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simama kwanza uulize. Bebeni pia noti ndogo ndogo za matatu, tuktuk na madafu, kwa sababu kule visiwani mtandao huja na kwenda kama maji.

Arbuni ya nyumba ndiyo inayotuumiza roho. Picha nzuri mtandaoni, bwawa la kuogelea, bei ya chini, na mwenyewe anataka nusu leo kwa sababu kuna wengine wanaingoja. Chama kinatuma, kinafika Mombasa usiku na mizigo, na hiyo nyumba haipo. Kabla ya kutuma hata mia moja, omba akupigie simu ya video akiwa ndani ya hiyo nyumba, tembee nayo hadi nje uone lango. Muombe jirani au jamaa aliye Mombasa apite. Tunajua kila ukoo wa Meru una mtu anayeishi Mombasa. Na ukishatuma kwa namba isiyo yenyewe, omba kurudishiwa dakika hiyo hiyo, usingoje mkutano wa chama. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi nyingine.

Kwa wasafiri wa Mbeere, jambo la mwisho. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka na jambo likafika mahakamani. Zawadi ya mwenyeji wenu wa Mombasa iwe maembe, au majani chai ya nyumbani. Na siku ya mwisho msipange kitu chochote ng'ambo ya Likoni. Foleni ya feri haina ratiba, na kituo cha treni kiko Miritini, nje ya kisiwa. Kwa treni ya saa mbili asubuhi, ongeeni na dereva wa matatu usiku uliotangulia, mkubaliane bei, na mumlipe mkishafika langoni.