Je, Wajua? Mutomboko, Sherehe ya Wapiganaji Waliohamia Mofwe

Je, wajua kwamba Mutomboko, sherehe kuu ya Walunda wa mfalme Mwata Kazembe nchini Zambia, huadhimisha wapiganaji waliohamia ugenini? Katika karne ya 18 walitoka kwa mfalme Mwata Yamvo, katika nchi ambayo leo ni Kongo, wakavuka mto Luapula na kuweka makao karibu na ziwa la Mofwe, kusini mwa Nchelenge.

• Sherehe hufanyika Mwansabombwe kila mwaka, mwishoni mwa Julai.

• Kwanza Mwata hupakwa unga mweupe kwa heshima ya waliomtangulia. Kisha hutupa chakula na pombe katika mto Ng'ona, kuwakumbuka wahenga Chinyanta na nduguye Kasombola, waliokufa maji katika mto Mukelweji.

• Baadaye hucheza ngoma ya ushindi, upanga na shoka mikononi. Huelekeza upanga juu, kisha chini: hakuna wa kumshinda ila Mungu na kaburi.

Walunda wametunza desturi zao kwa zaidi ya karne mbili. Wanastahili heshima kubwa.