Fahamu: Ramani ipi ya simu itakuvusha Mombasa hadi Lunga Lunga?

Dereva anayetoka Changamwe kwenda Lunga Lunga, kisha Tanga, ana njia mbili: feri ya Likoni, au barabara ya Dongo Kundu inayoanzia Miritini na kuvuka madaraja ya Mwache na Mteza hadi Kibundani. Ramani iliyopakuliwa kabla barabara hiyo haijakamilika itampeleka moja kwa moja kwenye foleni ya feri, kwa sababu haina habari na njia ya pili.

Kwa hiyo kwanza uliza ramani yako ni ya lini. Google Maps hutambua msongamano kwa kufuatilia mwendo wa simu zilizoko barabarani. Ni hodari mjini, lakini uwezo huo hupungua penye magari machache. Programu za Organic Maps na OsmAnd hutumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Unapakua Kenya na Tanzania mapema, kisha unasafiri hata bando likiisha, maana GPS hupokea mawimbi ya setilaiti bila intaneti. Mimi ningebeba Google Maps na mojawapo ya hizo mbili, na kuzisasisha kabla ya kuondoka.

Mwenda kwa miguu naye aangalie ramani yake ni ya lini: daraja linaloelea la Liwatoni lilijengwa mwaka 2020 kwa ajili ya watu, si magari.

Vichochoro vya Kisauni, kwenye OpenStreetMap, huonekana pale mtu anapojitolea kuvichora. Chenu kikikosekana, fungua akaunti, ni bure, ukichore. Dereva mgeni anayetafuta nyumba ya mgonjwa usiku atakihitaji.