Madaktari wa Moshi wapima chakula cha wazee wetu

Ukipita steji ya Ukunda baada ya magharibi utawakuta vijana wamejipanga mbele ya vibanda vya chipsi, soseji juu, soda baridi mkononi. Siwalaumu. Chipsi ni tamu na hupatikana kwa dakika tano. Lakini kuna utafiti wa jirani zetu Tanzania ambao naona kila nyumba ya Kwale yafaa iusikie.

Ulichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Watafiti wa Moshi na wenzao wa Radboud, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema. Wa vijijini, waliozoea ndizi za kupika, maharagwe na mboga za majani, wakapewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili: mkate mweupe, chipsi na mfano wa hivyo. Wa mjini wakafanyiwa kinyume, wakarudishwa kwenye chakula cha wazee. Kundi jengine likapewa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Hiyo sisi tunaipita, haramu ni haramu. Kilichowavutia watafiti ni ule uchachu wake, na uchachu hata maziwa lala yanao, ingawa hayo hawakuyapima.

Waliohamia chakula cha kizungu waliongezeka uzito, na damu yao ikaonyesha uvimbe wa ndani, ule usioonekana kwa macho lakini ukidumu huandamana na kisukari na maradhi ya moyo. Chembe zao za kinga zikawa goigoi zilipokutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, uvimbe huo ulipungua. Wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Kwa wiki mbili tu za kula!

Tusivuke mpaka lakini. Walikuwa wanaume watupu, tena wachache, na hakuna aliyesubiriwa aonekane kama ataugua kisukari.

Na chakula chetu cha asili ni kipi? Muhogo, kunde, mbaazi, mchicha, mchunga, samaki. Mahamri nayapenda kama wewe, lakini ni unga mweupe uliozamishwa kwenye mafuta. Tusiyatie kwenye orodha kwa sababu bibi aliyapika. Nazi ndiyo yenye mabishano. Mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani lilionya kuwa mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya. Ila daktari wa Sweden, Staffan Lindeberg, alikuta watu wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanakula nazi kila siku na maradhi ya moyo ni adimu kwao. Nazi yao iliandamana na viazi vikuu, matunda na samaki. Kwa hivyo tui kwenye mchunga halinitishi. Karai la mafuta ndilo linanitisha.

Kaka yangu wa Msambweni ana kisukari. Vidonge anameza, na asiviache mtu kwa sababu ya makala haya. Nilipomsimulia utafiti huu alicheka. “Mchunga waota wenyewe nyuma ya nyumba,” akasema, “lakini changu akitua ufuoni tu, ashanunuliwa na hoteli za Diani. Mimi nabakishiwa soseji.”