Je, wajua "kwamba" lilikuwa kitenzi?

Mtoto wa Kishanda, Muleba, akiingia kidato cha kwanza hukutana na mada ya Kiingereza ya kutoa maoni na kueleza hisia. Ubaoni panaandikwa "I think that", "I believe that", "I hope that", na darasa zima linaitikia. Nyumbani amekuzwa kwa Kihaya, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo ni Kiingereza. Wengi humwonea huruma. Mimi naona amekuja darasani na mtaji ambao hakuna anayeuulizia.

Tuanze na hilo "that". Waingereza walichukua neno lao la kuonyesha kitu, lile la "ile pale", wakaligeuza kiungo cha sentensi. Wajerumani nao walifanya hivyo kwa "dass". Sisi tulipita njia nyingine. "Kwamba" limetokana na kitenzi cha kale, kuamba, yaani kusema. Kitenzi chenyewe hakisikiki tena katika mazungumzo ya kawaida, lakini uzao wake umejaa tele: niambie, waliambiana, hata "ambaye". Na huko Kishanda bado ki hai, kwani kusema kwa Kihaya ni okugamba. Ile g ndiyo iliyodondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika okugenda, ambayo kwetu ni kwenda. Wala si Wabantu peke yao. Waewe wa Ghana na Togo wana neno "be", ambalo ni kusema na pia ni kwamba.

Sasa tazama maoni yanapokanushwa. Kwa Kiswahili ukiwa na hakika kiasi unasema "nadhani kwamba atakuja". Ukitia shaka, mara nyingi kiungo kinabadilika: "sidhani kama atakuja". Kiingereza hakibadilishi kitu hapo. Ni "I don't think that he will come". Ndiyo maana wanafunzi wetu, na watu wazima maofisini, huandika "I don't think if he will come". Kosa hilo halitokani na uvivu. Ni sarufi ya Kiswahili iliyonyooka kabisa, imevaa maneno ya Kiingereza. (Tukitaka kumkejeli msemaji tuna "eti": "anasema eti ni mgonjwa". Kwa hilo Kiingereza hakina kiungo chochote. Mtu hulazimika kutumia neno kama "supposedly", sauti au kukunja uso.)

Kwenye matumaini mambo yananoga zaidi. "Natumaini kwamba senene watakuwa wengi mwaka huu" inakwenda sambamba na "I hope that", na katika lugha zote mbili kiungo chaweza kuachwa bila hasara. Lakini ukitoka kwenye kutumaini ukaingia kwenye kutaka, Kiswahili kinaweka kiungo kando na kazi inahamia kwenye -e ya mwishoni mwa kitenzi: nataka uje, naomba anisaidie. Hakuna asemaye "nataka kwamba uje". Kiingereza nacho hukataa "I want that you come", kinadai "I want you to come". Mwanafunzi aliyefundishwa kukariri "that" kila mahali atateleza papo hapo.

Ajabu ni kwamba Kiingereza kina mabaki ya jambo linalofanana na -e yetu. Katika "I suggest that he go", kitenzi kimevuliwa ile s yake ya kawaida, kwa sababu safari haijatokea, inapendekezwa tu. Kwetu ni "napendekeza aende". Mtoto anayetofautisha "anaenda" na "aende" bila kufikiri, na ambaye Kihaya chake nacho kina umbo la namna hiyo, anaweza kuelewa sentensi hiyo haraka kuliko Mwingereza mwenyewe, ambaye mara nyingi huandika "goes". Vivyo hivyo "I wish that I knew": anayesema "laiti ningejua" tayari anafahamu kwamba jambo lisilo kweli lina umbo lake.

Kwa hiyo mwalimu wa kidato cha kwanza, kabla hujaandika "I hope that" ubaoni, waulize wanafunzi wangesemaje kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Andika sentensi zote tatu, moja chini ya nyingine, uwaachie wao watafute kiungo kiko wapi.